Kusoma Kitako cha Ganda la Risasi ya Zamani: Mwongozo kwa Wakusanyaji wa Mombasa

Kijana wa mizani pale Makupa alilimwaga kopo la maziwa ya unga juu ya gunia. "Shikamoo mzee. Chagua unachotaka, kinachobaki chaenda kuyeyushwa." Mlikuwa na bomba za mfereji, kitasa cha mlango, mdomo wa dele la kahawa lililovunjika, na maganda kumi na moja ya risasi yaliyokuwa yamegeuka rangi ya kijani. Bei ilikuwa ya kilo, sawa na kitasa. Kumi niliyarudisha. La kumi na moja nililigeuza juani nikaona herufi K, kisha mistari mitatu iliyokutana kama unyayo wa kuku, kisha F. Nililipa bila kubishania bei.

K na F zenye unyayo wa kuku katikati ni alama ya kiwanda cha serikali cha Kirkee, nchini India. Kwa mtu wa Mombasa alama hiyo ina uzito wake, maana majeshi ya India yaliyopigana na Wajerumani huku Afrika Mashariki kuanzia 1914 yalipitia bandari yetu ya Kilindini, yakapanda reli hadi Voi na kuelekea Taveta. Kijiganda kirefu kama kidole cha kati kinakuambia hayo yote kwa herufi mbili, ikiwa unajua kuzisoma.

Mwongozo huu ni wa kusoma maandishi hayo tu. Sizungumzii bunduki, wala kujaza risasi upya, wala kununua risasi nzima. Tuelewane na majina kwanza. Ganda ni kile kikopo cha shaba kinachobeba baruti. Kichwa ni kile kinachoruka. Kitako ni sehemu bapa ya nyuma, na katikati ya kitako pana kitufe kidogo cha duara kiitwacho fataki, ambacho hupigwa na pini ya bunduki. Alama zetu zote zimezunguka hapo.

Hatua ya kwanza: hakikisha ni ganda tupu

Hii si hatua ya kurukwa. Tazama mambo mawili. La kwanza, mdomo wa ganda uko wazi? Ukiweza kuona ndani hadi chini, vizuri. La pili, fataki ina kishimo cha pini? Risasi iliyofyatuliwa ina kishimo katikati ya fataki, tena haina kichwa.

Ukikuta kichwa bado kipo na fataki imepigwa, hiyo iligoma kulipuka. Watu huidhania imekufa, na hapo ndipo hatari ilipo. Baruti iliyokaa miaka mia haitakuandikia barua kabla ya kulipuka. Usiitikise, usiiweke juani, usiibane kwenye jiriwa, wala usimpe fundi akutolee kichwa. Iache ilipo, wazuie watoto wasikaribie, kisha piga 999 au nenda kituo cha polisi ueleze ulipoiona. Usiibebe mkononi kuipeleka kituoni. Chochote kikubwa kuliko risasi ya bunduki, kama bomu la mkono au kombora la mzinga, usikisogelee hata kwa ajili ya picha.

Zipo risasi za mazoezi ambazo hazina baruti, nazo kwa kawaida zimetobolewa ubavuni au zimechongwa mifuo iliyopakwa rangi nyekundu. Lakini kutu hujua kuchimba matundu pia, kwa hiyo tundu peke yake si ushahidi.

Na sheria? Kenya hii, kumiliki risasi bila cheti ni kosa chini ya Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, na umri wa risasi hautakuokoa. Hata kwa maganda matupu, mimi nilikwenda kituoni mapema, nikaonyesha mkusanyiko wangu, nikaeleza ninachofanya. Ni aibu ya dakika kumi. Ni afadhali kuliko kueleza mfuko wa maganda kwenye kizuizi cha barabarani saa nne ya usiku pale Likoni.

Jambo lingine ni la muda. Ukiona ganda lenye alama mpya, kwa mfano KOFC, ambayo ni ya kiwanda chetu cha Eldoret, au duara lenye msalaba ndani yake ambalo ni alama ya NATO, liache. Hilo si la mkusanyaji wa vitu vya kale. Huenda ni ushahidi wa tukio la juzi.

Hatua ya pili: usisafishe

Nitakuungamia kosa langu. Ganda langu la pili maishani nililisugua kwa ukwaju na majivu, kama yanavyosuguliwa madele ya kahawa hapa Mji wa Kale. Likang'aa mpaka nikajiona ndani yake. Siku mbili baadaye nikasoma kwamba Waingereza walikuwa wakipaka duara la rangi kuzunguka fataki, na kwamba rangi hiyo ndiyo inayotaja risasi ilikuwa ya kazi gani. Nikakumbuka kwamba kwenye kitambaa changu kulikuwa na doa la zambarau. Rangi ilikwenda na ukwaju.

Limau, ukwaju, siki na zile dawa za madukani za kung'arishia shaba, vyote weka kando. Tumia maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, na kijiti cha meno cha mbao kuondoa udongo ndani ya herufi. Kitako kisafishe mwisho, tena kwa pamba yenye unyevu bila kusugua fataki. Kaushia kivulini.

Epuka pia dawa zenye amonia. Zamani za ukoloni huko India, maganda yalikuwa yakipasuka shingoni msimu wa mvua bila kuguswa na mtu. Wataalamu walipochunguza wakagundua kwamba chanzo kilikuwa amonia kutoka kwenye mazizi ya farasi, iliyokutana na unyevu na shaba iliyokuwa imekazwa kiwandani. Kwa hiyo kama una banda la mbuzi nyuma ya nyumba, sanduku lako lisikae upande huo.

Hatua ya tatu: pima kabla ya kusoma

Wanaoanza hukimbilia herufi. Herufi moja inaweza kuwa ya viwanda vitatu vya nchi tatu, na kipimo ndicho kinachokuambia uko nchi gani. Azima kipimo cha venia kwa fundi wa jua kali, upime urefu wa ganda, kisha utazame kama kitako kina ukingo uliotokeza nje kama kisahani, au kina mfuo tu uliochongwa kuzunguka.

Ganda lenye ukingo uliotokeza, urefu wa milimita 56 na kitu, ukingo wenye upana wa milimita 13.7 hivi: hiyo ni .303 ya Kiingereza, jina linalotaja upana wa mtutu kwa inchi. Ndiyo utakayoiona zaidi pwani hii. Askari wa Keya, yaani King's African Rifles, waliibeba, majeshi ya India waliibeba, na ilitumika vita vyote viwili vikuu.

Ganda lisilo na ukingo, lenye mfuo, urefu wa milimita 57: Mauser ya Kijerumani ya milimita 7.92. Tofauti ya urefu na .303 ni ndogo mno, ndiyo maana nasema tazama ukingo.

Ganda nene lenye ukingo, urefu wa milimita 60, mdomo mpana wa milimita 11: hilo ni la Mauser ya zamani, muundo wa 1871. Askari wengi wa Kijerumani walianza vita na bunduki hiyo ya baruti nyeusi, na kila walipofyatua moshi uliwasaliti mahali walipojificha. Nikipata la namna hii nafurahi kuliko mengine yote.

Ganda dogo lenye mfuo, urefu wa milimita 52, mdomo mwembamba: Carcano ya Kiitaliano ya milimita 6.5. Hizi zilishuka kutoka kaskazini baada ya vita na Waitaliano vya 1940 na 1941, vile vya upande wa Moyale na Uhabeshi.

Mwishowe, jaribu sumaku. Shaba haivutwi. Ikivutwa, ganda ni la chuma lililopakwa rangi au shaba, na umeshatoka kwenye orodha hii fupi.

Hatua ya nne: ifanye alama ionekane

Usiishike alama mbele ya taa. Zima taa, washa tochi ya simu, ilaze karibu usawa wa kitako ili mwanga upite juu ya herufi kama jua la magharibi linavyopita juu ya mchanga. Kila mchoro utatupa kivuli. Geuza ganda polepole. Herufi ambayo haikuonekana mwanga ukitoka upande mmoja itajitokeza ukitoka upande mwingine.

Ikishindikana, chukua karatasi nyembamba, ilaze juu ya kitako, usugue kwa penseli laini iliyolazwa. Au paka unga wa chaki kwa kidole kisha ufute juu juu. Chaki itabaki ndani ya mifuo. Piga picha mara tatu kwa mwanga wa pande tofauti. Nimewahi kusoma 3 kwa wiki nzima, picha ya tatu ikaonyesha kwamba ni 8 iliyoliwa na kutu.

Hatua ya tano: soma ya Kiingereza

Alama ya .303 ina mambo matatu: kiwanda, mwaka, na aina. Mfano: K 17 VII. K ni Kynoch wa Birmingham, 17 ni 1917, na VII ni muundo wa saba, ule wenye kichwa kilichochongoka uliopitishwa 1910. Ukiona VI, ni ule wa kabla yake wenye kichwa cha mviringo. Maganda ya zamani zaidi, ya kabla ya 1907 hivi, hayana mwaka kabisa. Yana herufi C, ambayo ni ya baruti ya kordaiti, pamoja na namba ya Kirumi.

Ule unyayo wa kuku ni mshale mpana, alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Ukikaa kati ya R na L, ni kiwanda cha kifalme cha Woolwich, London. Kati ya K na F, ni Kirkee kama tulivyoona. Wengi huona K peke yake wakaruka kusema Kirkee, au huona K na F wakasema Kynoch. Mshale ndio unaoamua.

Herufi nyingine za kukumbuka: RG ni Radway Green, Uingereza, wakati wa Vita vya Pili. GB ni Greenwood & Batley wa Leeds. CP ni Crompton Parkinson. DAC ni kiwanda cha serikali cha Kanada, na DI ni kiwanda kingine cha huko huko cha Vita vya Pili. MF ni Footscray, Australia. U ni Afrika Kusini, kiwanda cha sarafu cha Pretoria. Hiyo U huku kwetu ni ya kutarajiwa, maana Waafrika Kusini walikuja kwa wingi katika vita dhidi ya Waitaliano.

Mwaka huandikwa kwa tarakimu mbili, na baadhi ya maganda ya Vita vya Pili yana tarakimu nne. Tarakimu mbili hazina utata kwa sababu 17 haiwezi kuwa 1817. Bunduki yenyewe haikuwapo.

Kisha tazama herufi iliyo kando ya namba ya muundo. Hapa ndipo utamu ulipo. G ni risasi iliyoacha mkia wa moto ili mpigaji aone inakokwenda. W ni ya kutoboa chuma. B ni ya kuwasha moto. O ni ile iliyotoa mwale mahali ilipogonga, ili mpigaji wa ndege ajue amelenga. L ni ya kishindo tu, haina kichwa. Z ikifuata namba, kama VIIZ, maana yake baruti si kordaiti bali ni ya nitroselulosi, na mara nyingi utaiona kwenye zile za Kanada. Namba za Kirumi ziliachwa kuelekea mwisho wa Vita vya Pili, kwa hiyo 7 ya kawaida ni ya 1944 au baadaye.

Kama bahati yako ni nzuri kuliko yangu na rangi bado ipo kuzunguka fataki: zambarau ni risasi ya kawaida, nyekundu ni ya mkia wa moto, kijani ni ya kutoboa chuma, buluu ni ya kuwasha, nyeusi ni ya mwale, manjano ni ya kujaribia bunduki kiwandani. Angalizo la mtu wa pwani: kijani cha kutu ya shaba si kijani cha rangi. Kutu ya shaba huchimbuka na kufanya chembechembe. Rangi hukaa ndani ya mfuo tu, laini.

Hatua ya sita: ya Kijerumani na ya Kiitaliano

Mjerumani wa Vita vya Kwanza aligawa kitako sehemu nne. Sehemu moja ina kiwanda, mathalani P kwa Polte wa Magdeburg, au DM kwa kiwanda cha Karlsruhe. Sehemu nyingine ina S67, ambapo 67 ni asilimia ya shaba nyekundu katika mchanganyiko. Zilizobaki mbili ni mwezi na mwaka. Kwa hiyo 11 na 13 ni Novemba 1913. Usisome 67 kama mwaka. Nimeona bango la kuuzia mtaa wa Ndia Kuu lililodai "ya 1867", na muuzaji akakasirika nilipomwuliza.

Mwitaliano ana tabia yake: mwaka hukatwa tarakimu ya kwanza tu. 936 ni 1936. Karibu yake utaona SMI, kampuni ya Società Metallurgica Italiana, au BPD, yaani Bombrini Parodi Delfino, au herufi ya karakana ya serikali, B ya Bologna na C ya Capua. Mara tarakimu tatu zikionekana, hesabu nusu ya kazi imekwisha.

Maganda ya mizinga

Nyumba kadhaa za Mombasa zina ganda kubwa la shaba limesimama sebuleni na maua ya plastiki ndani yake. Geuza, utazame chini. Mengi ni ya mzinga wa Kiingereza wa ratili kumi na nane, na utasoma 18 PR, mwaka, na herufi CF, maana yake lilijazwa kordaiti kiasi kamili. La Kijerumani huandika jina la kiwanda kwa urefu, kama Polte Magdeburg au Patronenfabrik Karlsruhe, pamoja na mwezi na mwaka, na taji dogo la mkaguzi. Fataki ya ganda la mzinga ni kubwa na imekazwa kwa parafujo. Kama haina kishimo, rudi hatua ya kwanza.

Ukitaka kuona saizi ya mizinga yenyewe, nenda Fort Jesus. Uani kuna mmoja wa meli ya Kijerumani Königsberg na mwingine wa HMS Pegasus ya Uingereza. Königsberg ndiyo iliyoizamisha Pegasus pale Unguja tarehe 20 Septemba 1914, nayo ikaishia mtoni Rufiji Julai 1915. Wajerumani wakaiopoa mizinga yake wakaikokota bara kuendelea na vita. Leo mahasimu wawili wamesimama ua mmoja, na watoto wa shule wanapanda juu yao kupiga picha.

Hatua ya saba: usiruke kutoka kiwandani hadi vitani

Alama inataja kiwanda na mwaka. Haitaji aliyefyatua. Novemba 1914 jeshi la Waingereza na Wahindi lilishambulia Tanga, likashindwa ndani ya siku tatu, likapanda meli likaja Mombasa. Lilichokiacha ufukweni ni bunduki, bombomu (bunduki za rashasha), na mamia ya maelfu ya risasi za .303. Wajerumani wakazitumia. Kwa hiyo ganda la Kirkee ukilikuta kwenye handaki la Kijerumani, huenda lilifyatuliwa na askari wa Kijerumani dhidi ya hao hao walioileta risasi. Muuzaji akikuambia "hili ni la Muingereza aliyepigana Salaita", mwulize anajuaje.

Anayeweza kujibu swali hilo ni ardhi tu. Ukitembea Salaita, ambako Waafrika Kusini walirudishwa nyuma tarehe 12 Februari 1916, au Maktau, au Mbuyuni, na ukaona ganda, usiliokote. Piga picha likiwa limelala, weka alama ya mahali kwenye simu, na uwape taarifa watu wa makumbusho. Maganda ishirini yaliyopangana mstari yanaonyesha bombomu ilikuwa wapi na ilitazama wapi. Yakishaingia mfukoni mwako ni shaba tu. Na ndani ya hifadhi ya Tsavo huruhusiwi kuondoka na kitu. Mkusanyiko wangu wote umetoka kwa wauza vyuma, makopo ya maziwa, na ndugu waliorithi droo za babu zao.

Hatua ya nane: andika na uhifadhi

Hewa yetu ina chumvi. Kila ganda lifunge kwa karatasi nyeupe, liweke kwenye kisanduku chenye kifuniko, utupie zile pakiti ndogo za kukausha unyevu zinazokuja na viatu vipya, na uzibadilishe kila baada ya kusi. Mifuko ya plastiki laini inatoa jasho, usitumie. Usiandike juu ya shaba kwa kalamu.

Kadi iandikwe siku hiyo hiyo, kabla hujasahau. Yangu ya lile ganda la Makupa inasema hivi: Namba 31. Limenunuliwa kwa muuza vyuma, Makupa, ndani ya kopo la maziwa. Mahali lilipookotwa hapajulikani. Ukingo upo, milimita 13.7. Urefu 56.2, mdomo umeliwa kidogo. Shaba, halivutwi na sumaku. Fataki ina kishimo kimoja, kimeenda kushoto. Alama: K, mshale, F, 12, VI. Rangi ya fataki: hakuna. Usafishaji: maji na sabuni. Ukwaju: hapana.